Shangazi Alivyochechemea kwa Niaba ya Ng'ombe

Shangazi yangu amekamua ng'ombe miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hajawahi kukosea. Ukitaka ushahidi, muulize yeye mwenyewe. Maziwa yakimwagika, ndoo ilikaa vibaya. Akikanyaga mkia wa ng'ombe, mkia ndio uliokuwa mahali pasipouhusu. Kaka yake, yaani baba yangu, alisalimu amri tangu utotoni. Mimi niliyelelewa na shangazi kuanzia darasa la pili nilijifunza mapema kusema "ndiyo, shangazi" kwa sauti saba tofauti.

Ng'ombe wake anaitwa Madam. Ni mweusi, mnene, ana madoa mawili meupe usoni na dharau isiyo na kipimo. Anaishi na wenzake ishirini na sita katika banda la ushirika, lenye sakafu ya saruji, hori refu upande mmoja, na bomba moja ambalo kila mwanachama anadai ni lake. Kila mwisho wa mwezi bwana mifugo husimama mlangoni, ng'ombe wakapita mbele yake mmoja mmoja, na anayeonekana akichechemea mara mbili mfululizo hutolewa bandani. Nyumbani kwa shangazi hakuna zizi wala nafasi ya zizi, kwa hiyo Madam akitolewa, safari yake inayofuata ni ya buchani. Na alikuwa ameshaonekana mara moja.

Ugonjwa wenyewe ni wa ngozi ya mguu. Nyuma ya kwato, kwenye mkunjo ulio juu kidogo ya kisigino, ngozi huchubuka ikawa kidonda chekundu, kibichi, chenye harufu ya kukusahaulisha chakula cha mchana. Vijidudu vyake hupenda miguu inayoshinda kwenye mkojo na samadi. Ili kuvizuia, ng'ombe hupitishwa kwenye beseni refu la maji ya mrututu, ile dawa ya buluu, kisha huwekwa pakavu.

Mimi ninafanya kazi maabara ya mifugo. Mwezi ule tulichota damu ya ng'ombe wote wa banda tupime kingamwili, yaani zile silaha ambazo mwili hujitengenezea ukishavamiwa na vijidudu. Nilibandika matokeo kwenye ukuta wa banda, jina na namba, jina na namba, nikatoka mbio kwa sababu dereva wa ofisi alikuwa anapiga honi kama ana msiba. Sikueleza chochote. Hilo ni kosa langu, na ninalikiri kwa sababu najua shangazi atasomewa haya.

Namba ya Madam ilikuwa kubwa kuliko zote. Ilikuwa mara nne ya namba ya ng'ombe wa Katibu, mama mmoja mwandishi wa vikao vya ushirika, ambaye yeye na shangazi wamekuwa wakishindana tangu walipokaa dawati moja. Shangazi alisoma karatasi ile kama matokeo ya mtihani. Akavimba kichwa. Siku hiyo hiyo akamwondoa Madam kwenye foleni ya mrututu, na Katibu alipomuuliza kulikoni, akajibu, "Aliyefaulu arudie darasa kwa nini?"

Nilikuwa safari ya kazi wiki mbili. Niliporudi, asubuhi ya ukaguzi, nilimkuta shangazi kati ya bomba na hori akichechemea vibaya mno. Kando yake Madam alikuwa akienda taratibu, hatua moja, pumziko, hatua nyingine.

"Shangazi! Umeumia?"

"Shh! Mguu wa nyuma wa Madam umefumuka tena. Sasa nikichechemea mimi, watu watadhani ng'ombe ana adabu, ananisubiri."

"Na mrututu je?"

"Wa nini? Namba si uliileta wewe?"

"Shangazi, ile si alama ya mtihani. Fikiria umeingia nyumba ya mtu, umekuta mafundi bomba arobaini. Utasema nyumba hiyo haivuji?"

Akafikiri. "Nitasema inavuja mpaka dari."

"Basi. Mwili wa Madam umetengeneza kingamwili nyingi kwa sababu vijidudu vimemsumbua muda mrefu. Zimejaa kwenye damu, lakini vijidudu vimejichimbia ndani ya ngozi ya kisigino, na huko haziwezi kuvimaliza. Ndiyo maana anapata nafuu, anaumwa tena."

"Na yule wa Katibu, mwenye kinamba kidogo?"

"Huenda hajaugua kabisa."

Uso wa shangazi ulinywea. Kabla hajapata wa kumlaumu, bwana mifugo aliita jina la Madam.

Wakatoka wote wawili wakichechemea, bega kwa bega. Bwana mifugo ni mtu mpole, hapandishi sauti hata akikanyagwa na fahali.

"Mama, pole na mguu."

"Nimeshapoa, baba."

"Ni upi?"

"Huu," shangazi akagusa wa kushoto.

"Mbona umeingia ukichechemea wa kulia?"

"Maumivu yanahama," akasema, macho makavu.

Banda zima liliangua kicheko. Katibu alishikilia hori asianguke.

"Basi kaa hapo mama, Madam apite peke yake."

"Hapiti bila mimi."

"Haya, pita wewe bila Madam."

Shangazi akapita, kichwa juu, akichechemea hatua tatu kushoto na hatua tatu kulia, asiuonee mguu wowote. Madam alipoona mtu mwenye pumba mfukoni anaondoka, akamfuata. Hapo kila mtu akaona. Mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa unagusa saruji kwa ncha tu, na kila ukigusa, mgongo wa ng'ombe ulijikunja. Kicheko kikakatika.

"Mara ya pili, mama," bwana mifugo akasema polepole, akachomoa penseli.

Nikajitosa. Nikasema kosa ni langu, nilibandika namba bila maelezo, nikaomba siku kumi. Bwana mifugo akakuna kichwa. Aliyetuokoa ni Katibu.

"Mpe," alisema. "Mimi ningepata namba ile ningewaalika na wageni."

Tukamfunga Madam kwenye nguzo. Shangazi aliosha kidonda, akakikausha, mimi nikapaka dawa na kuzungusha bandeji. Shangazi hakunyanyuka. Alibaki amechuchumaa ameshika ile kwato.

"Nisamehe, mama," alimwambia ng'ombe. "Ulikuwa unapigana peke yako huku chini, mimi juu huko nashangilia."

Sikuwahi kumsikia akiomba radhi. Nilijifanya natafuta mkasi.

Kwa siku kumi banda halikupumua. Shangazi alifagia mara nne kwa siku, akazoa samadi ya ng'ombe wake na ya ng'ombe wa watu, na aliyeacha bomba linatiririka alitamani angezaliwa mbali. Madam alirudi kwenye mrututu kidonda kilipokauka. Siku ya kumi na moja alipita mbele ya bwana mifugo peke yake, miguu minne yote chini, akimtazama kama mhudumu aliyechelewa kuleta chai. Bwana mifugo akaweka alama ya vema. Katibu alipiga makofi, shangazi akajitia hamnazo, lakini alikuwa anatabasamu mpaka masikioni.

Kisha akaanza kurudi horini, akichechemea.

"Shangazi, maigizo yameisha," nikamnong'oneza. "Hakuna anayetazama."

"Najua."

Akaendelea. Mguu wa kulia, kila hatua, bila kubadilisha.

"Wa kushoto ndio ulikuwa uongo," alisema. "Huu wa kulia una mwaka na nusu."

"Mwaka na nusu! Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Kila mkija ni shangazi chuma, shangazi haugui. Niliona haya kuwaharibia."

Niliona aibu ya kweli. Maneno hayo nimemwambia mimi mwenyewe, kwenye simu, huku natafuta kiatu. Nikamwambia kesho tunakwenda hospitali. Akasema kesho ana kazi, na keshokutwa ana kazi. Nikampa mkono. Aliuegemea wote, na shangazi yangu si mtu mwepesi.