Chaza Niliyemng'oa Jiweni

Aliyemuua chaza wa ofisi yetu ni mimi, mwanangu, wala si Bi. Tatu. Natanguliza hilo kwa sababu jalada lake la kazi linasema vinginevyo.

Naikumbuka vizuri asubuhi ile mjini Dodoma, miaka ya soko huria, nilipokuwa afisa utawala kijana. Ukumbini kwetu palikuwa na tangi la kioo la maji ya bahari, lenye samaki, matumbawe na taa kali, bidhaa iliyokuwa ngeni madukani. Mtunzaji wake alikuwa Bi. Tatu, mhudumu wa ofisi, mzaliwa wa Mafia. Niliwahi kumpendekezea tutie tangini mchanga wa korongo la Zuzu, hapo jirani na mji, akacheka. "Huo kajengee nyumba Nzuguni. Hawa wanataka wa pwani."

Chaza alikuwa mdogo, mwenye nyama ya buluu. Bi. Tatu alimweka juu ya jiwe bapa, chini ya taa, mahali ambapo maji hayakumsukuma kwa nguvu. Baada ya siku chache akajishika jiweni kwa nyuzi zinazotoka mguuni mwake.

Asubuhi hiyo tulitarajia wageni. Nilitaka chaza akae mbele, mchangani, aonekane.

"Shikamoo, mama. Tumsogeze huyu."

"Marahaba. Kwani chaza naye ana kikao?" Kisha akaacha mzaha. "Ukimhamisha, mhamishe na jiwe lake. Ukimvuta, unamchana mguu."

Jiwe niliona linaharibu mandhari. Alipokwenda kuchemsha chai, nikamvuta. Nilihisi kitu kikikatika. Wageni walimsifu, lakini siku ya tatu alikuwa ameachama, hafungi tena; amekufa.

Mkuu wangu alipouliza, nilinyamaza. Barua ikaandikwa kwamba mtunzaji alizembea, na Bi. Tatu akaachishwa kazi. Alinikabidhi ufunguo, akasema, "Badilisha maji upesi, mwanangu. Samaki hawana kosa."

Basi, mwanangu, chaza wa aina ile mpe jiwe; wapo wakubwa wa aina nyingine wanaotulia mchangani. Uliza kwanza, na umsikilize anayejua, hata kama ndiye anayekupikia chai. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Mungu akujalie ujasiri nilioukosa.

Nami naitaka rasmi ofisi ile iiondoe barua hiyo katika jalada la Bi. Tatu, ambaye yu hai, na marekebisho asomewe mbele ya watumishi. Niitwe nijibu. Na aliyetia saini aeleze kwa maandishi kwa nini hakumwita mama yule ajieleze.