Mate ya Baba na Ndege ya Kaka

Chumba cha kaka yangu kule Olasiti kilinuka miguu na chipsi za jana. Mapazia yalifungwa mchana kutwa, na katikati, kwenye kiti alichokiagiza kutoka nje, alikaa mtu mzima mwenye mke na kazi, ameshika usukani wa ndege isiyokuwepo. Ndege za kweli za watalii zilipita juu ya bati lake kila asubuhi, lakini sikuwahi kumwona akiinua kichwa. Yeye alikuwa na gemu yake ya kurusha ndege, na ndani ya gemu hiyo alikuwa na shida moja tu duniani: kutua juu ya manowari ya kubebea ndege.

Alinieleza mara nyingi kuliko nilivyotaka kusikia. Meli inakwenda, inapanda na kushuka na mawimbi, na mahali pa kutua ni pafupi, kwa hiyo ndege hushusha ndoano ya mkiani inase waya uliotandazwa sakafuni. Ukikosa waya, unapaa tena au unaishia majini. Kaka alikuwa anaishia majini. Wifi yangu alishaacha kumwita mezani. Alimwekea sahani mapajani, kama mgonjwa.

Siku hiyo nilimleta baba. Alikuwa ameshuka kutoka kwetu, mlimani Meru, na mchana huohuo tulikuwa tupande basi kwenda hospitali. Alikuwa na uvimbe chini ya taya. Daktari alishamwambia wazi kwamba baada ya upasuaji na mionzi mdomo utabaki mkavu, mate hayatarudi. Baba hakuuliza habari ya maumivu. Alisema tu kwamba lazima atubariki kabla.

Kwetu mzazi hubariki kwa mate. Wapo wanaotumia funda la maziwa, lakini baba alisema maziwa ni ya ng'ombe, mate ndiyo yake. Humtemea mtoto kidogo kwenye paji la uso, kidogo viganjani, pamoja na maneno. Na huanza na kifungua mimba. Mdogo hapewi kabla mkubwa hajapokea. Mimi ni mdogo, na niliitaka baraka ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote kwa baba.

Kaka alimwamkia bila kugeuza shingo. Shikamoo yenyewe ilikwenda kwenye kioo. Alisema yuko na wenzake mtandaoni, hawezi kusimamisha, baba asubiri kidogo. Baba akasubiri, koti mwilini, kofia magotini. Ndege ikaingia majini. Ikarushwa nyingine. Nilipomwambia kaka kwamba basi halitatungoja, alininyooshea kiganja ninyamaze.

Mwishowe baba aliinuka, akamfuata palepale kitini, akamtemea kwenye paji la uso na kuanza maneno yake.

Kaka aliruka kama aliyemwagiwa uji wa moto. Ndege ikajibamiza nyuma ya meli.

"Baba, umeniangusha bwana. Na hii ni nini sasa?"

Akavuta tishu akajifuta, akapaka dawa ya kuua vijidudu, akajifuta tena, midomo ameibinua. Mama alizoea kutusimulia kwamba mtu huyuhuyu, akiwa mchanga na mafua yamemziba, baba alimnyonya kamasi puani kwa mdomo wake.

Nilipiga magoti haraka, nikakinga viganja. Baba aliviangalia, kisha akavifumba kwa mikono yake.

"Ya mkubwa imefutwa," alisema. "Siwezi kumruka. Akiitaka, ataiomba mwenyewe."

Nilimgeukia kaka nikamwambia aombe. Alikuwa ameshaanza kurusha ndege nyingine. Akasema, baba akirudi. Na alijua vizuri daktari alichosema, maana nilimpigia simu mimi mwenyewe kumweleza.

Baba alipona. Alirudi kwenye kiti chake karibu na migomba, kikombe cha maji mkononi, kwa sababu hamalizi sentensi bila kulowesha ulimi. Ndipo kaka akatuma video kwenye kundi la familia: ndege inashuka, ndoano inanasa, ndege inasimama. Aliandika kwamba hatimaye ametua. Baba aliitazama yote, akanirudishia simu.

"Sasa mwite," alisema. "Atakuwa na nafasi."

Kaka alikuja Jumapili. Alipiga magoti bila kuambiwa, akaomba, akafumba macho. Baba alikusanya midomo, akasukuma, akasukuma tena. Ilitoka pumzi. Nilimsogezea kikombe, akakikataa. Maji ya bomba si yake. Kaka alijigusa paji la uso, akaviangalia vidole vyake. Vilikuwa vikavu.

Nilimuuliza kama anahitaji tishu.