Nilivyomwokoa Msichana wa Hadithini

Juzi nilitumwa kukagua shule ya kijiji kipya cha Ujamaa, karibu na Bunda. Nilipofika mlangoni pa darasa la saba nikasikia msichana akilia, "Mwalimu, utaniua!" Nikaingia mbio, nikijiona mkombozi wa wanyonge. Mwalimu alikuwa ameshika fimbo. Nikamzaba kofi.

Msichana alikuwa ameketi, kitabu mkononi.

"Shikamoo, Ndugu Mkaguzi," akasema. "Tunasoma hadithi ya vijana. Mwalimu wa kitabuni ndiye anapigaga watoto. Hii fimbo ni ya kuonyeshea ubaoni."

Nikakohoa, nikauliza kwa sauti ya kazi kama na hapa shuleni watu wanapigwa.

Akamtazama mwalimu wake, aliyekuwa anapapasa shavu.

"Hapana, Ndugu. Ni leo tu."