Asante za Kunong'ona

Huku kijijini kwetu Kate, anayelima kwa maksai analima kwa koo. Mikono inashika plau tu. Sauti ndiyo inayowageuza wanyama shamba linapoishia. Yangu ilipoanza kukwaruza, kila jirani aligeuka daktari. Nilikunywa tangawizi, nikalamba asali, nikasukutua maji ya chumvi. Zahanati walipima makohozi, wakaniambia sina kifua kikuu, nami nikafurahi kama mjinga. Kufikia mavuno sauti ilikuwa imebaki mkwaruzo.

Nikapelekwa hospitali Mbeya, ambako daktari alipitisha kamera nyembamba puani, akanionyesha kwenye skrini: juu ya uzi mmoja wa sauti kulikuwa na kifuko cha majimaji, kidogo kama punje ya ulezi. Si saratani, alisema, ila hakiondoki kwa vidonge. Nikachomwa sindano ya usingizi, wakakitoa kupitia mdomoni bila kunichana shingo. Akaniagiza nisitumie sauti mpaka nirudi kwake.

Mimi na mke wangu tulielewa tulivyoelewa. Kwetu sauti ni ile inayosikika ng'ambo ya shamba. Kunong'ona ni pumzi tu. Tena mgonjwa akirudi, kijiji kizima huja kumpa pole, na pole isiyojibiwa ni sawa na kumfukuza mtu. Basi nikakaa kigodani nikinong'ona asante kutwa, kwa wazee, kwa majirani, kwa Wasukuma wafugaji walioniletea maziwa. Mke wangu alinisifia kwa wageni kwamba nashika masharti.

Niliporudi Mbeya, daktari alipoyasikia hayo alifumba macho. Kunong'ona nako kunazichosha nyuzi zilezile, alisema. Akatazama tena kwa kamera: kifuko hakipo, ila pamepona kwa kovu gumu linaloizuia sauti. Nikamuuliza kama ni zile asante.

"Huenda," akasema. "Na huenda kovu lingekuja tu."

Hiyo huenda ndiyo inayonitafuna. Angenilaumu waziwazi, ningelala.

Sasa mvua zimeanza. Mke wangu ndiye anayewaswaga maksai kwa sauti yake. Mimi niko nyuma na plau, kimya. Watu wananiambia nimshukuru Mungu si saratani. Namshukuru, lakini nimekata tamaa, sitamdanganya mtu. Jana jioni niliingia zizini, nikamwita yule maksai wa kulia niliyemfundisha kazi mwenyewe. Aliendelea kucheua. Kisha mke wangu akaniita kutoka jikoni nikale, na maksai akainua kichwa, akamgeukia.