Niliweka sikio kwenye simu ya mume wangu

Adimini, nifichie jina na kazi yangu, hapa Newala tunajuana. Nina miaka 34, nimeolewa miaka tisa, nina binti mmoja. Tumuite Neema. Mume wangu ni afisa ustawi wa jamii, mtu mpole, hata sauti hapandishi.

Mwaka jana alibadilika. Simu ikiita, anatoka nje. Siku moja niliwahi kuona ujumbe kabla hajaichukua: "Nimefika salama. Mungu akulipe. Usimwambie mtu." Namba ameiandika "Fundi Bomba". Jamani, fundi bomba gani anayeandika hivyo?

Nikaingia mtandaoni. Kuna watu wanafundisha kwa video kabisa namna ya kuweka programu ndani ya simu ya mtu. Yeye haioni, wewe unasoma ujumbe wake, unajua alipo, hata maongezi yaliyo karibu na simu unayasikia. Kioo cha simu yake kilipopasuka, nikajitolea kuipeleka Masasi. Fundi simu mmoja pale karibu na stendi alinisikiliza, akacheka. "Dada, hiyo kazi ndogo. Akaunti nakufungulia mimi mwenyewe, namba ya siri nakupa."

Nilichokuta kilinitoa machozi ya aibu. Hakukuwa na hawara. Kulikuwa na mama wa watoto watatu, mumewe alimpiga mpaka sikio moja likaziba. Mume wangu alikuwa amemficha kijijini Makote, kwa shangazi yake mwenyewe. Nilisikia anavyomtuliza, nikampenda upya. Lakini ile programu sikuitoa. Nilishazoea kusikiliza.

Mwezi mmoja baadaye nilishuka tena Masasi kununua vitenge. Yule fundi akaniita, "Mama Neema! Mtoto kifua kimepoa?"

Nikaitika kimepoa. Nilikuwa nimeshapanda gari ndipo nikashtuka. Yule mtu sikuwahi kumwambia jina la mwanangu. Na habari ya kifua tuliizungumza mimi na mume wangu tu, sebuleni, simu ikiwa kwenye kochi.

Nilipofika nyumbani nikafungua ile akaunti, nikatafuta sehemu inayoonyesha imefunguliwa kwenye simu zipi. Zilikuwa mbili. Moja yangu. Nyingine ilikuwa imeingia asubuhi ile ile, na siku zote za nyuma.

Nikataka kubadili namba ya siri, ikagoma, inataka uthibitisho kwenye simu ya aliyefungua. Nikaiacha hivyo, nikajipa moyo kwamba ni udaku wa fundi tu.

Siku ya nne wanaume watatu walifika Makote kwa pikipiki, wakaenda moja kwa moja kwenye ile nyumba, hawakuuliza njia. Mama yule alikuwa bombani na wanawe, akakimbilia kwenye mikorosho. Shangazi wamemvunja mkono. Mmoja wa wale watatu ni mume wa yule mama.

Mume wangu alirudi kama aliyefiwa. Kwa mara ya kwanza akanieleza habari ya yule mama, kisha akasema, "Mama Neema, siri ile tuliijua watu wawili ofisini. Mimi na mwenzangu. Amemuuza." Huyo mwenzake ni rafiki yake wa miaka yote, ndiye aliyesimamia ndoa yetu. Mume wangu ameshamshtaki kwa barua kwa mkubwa wao, na mwenzake amesimamishwa kazi. Juzi mke wake alikuja kwangu analia, "Dada, mume wangu hajatoka ndani siku ya tatu. Hajui kosa lake." Nikamshika mkono, nikamwambia Mungu atasimama. Mimi!

Nilimpigia fundi, nikamwomba aitoe ile programu. Akajibu taratibu, "Dada, na wewe sauti yako ninayo. Unavyomsema mama mkwe wako, ninayo. Tulia tu."

Leo asubuhi mume wangu ameondoka kumhamishia yule mama na watoto mahali pengine. Anakokwenda hajamwambia mtu, hata mimi. Lakini simu ameichukua, na ninapoandika hapa naona anavyosogea kwenye ramani, ameshaipita Tandahimba. Na ile simu ya pili, ya fundi, nayo imo kwenye akaunti sasa hivi, inaangalia ninachoangalia.

Nimeshika simu yangu mara tano kumpigia. Nikisema, ndoa yangu imekwisha, na kazi ya mume wangu pia. Na nikimpigia, fundi anasikia.

Ndugu zangu, mnaosoma haya sasa, niambieni upesi: nifanye nini?