Roho ya Bi Zuhura

Nichekeni tu, maana mimi mwenyewe nikikumbuka aibu niliyoipata mtaa wa Kibuli, hapa Kampala, najifunika uso kwa kitenge hata nikiwa peke yangu chumbani.

Mnajua naandika riwaya ya Kampala ya zamani, ya enzi za misafara ya wafanyabiashara wa pwani. Hapa Kansanga tuna kikundi cha tafakuri (mchungaji wangu hajui, na msimwambie), na mwalimu wetu anafundisha kwamba roho haifi, inabadilisha mwili tu, na jina linalokujia ukiwa umefumba macho ndilo ulilokuwa nalo zamani. Nikafumba, likaja: Zuhura binti Sefu. Mwili ulinisisimka! Jina hilo nilikuwa nimelisikia siku niliyompelekea vitenge Hajati Mariamu, mteja wangu wa Kibuli, wakati watu wa nyumbani kwake wanasoma dua na kutaja majina. Kanisani kwetu Bukavu, majina yakisomwa namna ile ni ya marehemu, kwa hiyo nikajua huyo ni bibi wa ukoo aliyezikwa zamani, na sasa amerudi ndani yangu mimi, muuza vitenge. Miaka mitatu nikaandika maisha yake.

Basi Hajati akanialika kwenye kisomo, tukala pilau, halafu mbele ya akina mama wote akaniuliza, "Mama Espe, kitabu chako kinahusu nini?" Ningejibu kwamba ni hadithi tu, yangeishia hapo. Lakini mimi na sifa! Nikasimama, nikatoa daftari, nikatangaza kwamba Zuhura binti Sefu, yule niliyesikia akitajwa kwenye dua siku nilipoleta vitenge, ndiye mimi, nimerudi duniani, nikaanza kuwasomea kifo chake, sanda, jeneza, mpaka udongo wa kaburi. Niliona wameduwaa, nikadhani ni utamu wa maneno yangu, nikapaza sauti.

Kwenye kona ya mkeka bibi mmoja aliyejitanda kanga akauliza polepole, "Nilikufa lini?"

Hajati alinivuta gauni. "Keti, wewe! Huyo ndiye Bi Zuhura, mama yangu mkubwa. Siku ile tulikuwa tunamwombea afya!"

Jamani, mkeka ule ungepasuka ningeingia. Kuna aliyesema "Astaghfirullah", kuna aliyecheka mpaka akapaliwa. Nikakusanya viatu vyangu (kimoja hakikuwa changu), lakini Bi Zuhura akaninyooshea mkono. "Umeshanizika, sasa nisomee nilivyoishi."

Nikaketi, nikarudi mwanzo wa daftari, nikasoma. Nikafika pale mwanawe anapoondoka na msafara asirudi, na mama kila Ijumaa anafunga mlango, anatoa kanzu ya huyo kijana sandukuni, anaikung'uta, anaikunja ndani nje ili mwenyewe akirudi aigeuze kwa mikono yake.

"Nani amekuambia habari ya kanzu?" aliuliza.

"Hakuna, Bibi. Ilinijia tu."

Aligeuka kumtazama Hajati, na Hajati akatikisa kichwa, hata yeye hakujua. Mwanawe Bi Zuhura alitoka nyumbani wakati wa vita, kijana wa miaka ishirini, hakurudi, na kanzu yake mama huikunja hivyo hivyo mpaka leo, mlango umefungwa. Hakuna aliyecheka tena. Niliogopa, nawaambia kweli, niliogopa daftari langu mwenyewe, na mpaka sasa sijui lile jambo lilipita wapi kufika kwangu.

Akanishika kifundo cha mkono. "Na humo kitabuni, anarudi?"

Humo daftarini kijana alikuwa amekufa kando ya ziwa, sura nzima, nami nilikuwa najivunia sura hiyo kuliko zote.

"Anarudi, Bibi," nikasema.

Basi nimeapa, sitadai tena roho ya mtu kabla ya kuuliza kama mwenyewe bado anaitumia. Ile sura ya ziwani nimeichana, na kijana bado sijapata njia ya kumfikisha nyumbani, na kila Ijumaa Bi Zuhura ananipigia simu kuuliza amefika wapi.