Sajenti Meja Asiye na Bunduki

Koleta alikuwa amechoka kueleza. Kila alipovaa sare yake nyeupe ya Jeshi la Wokovu na kutoka nyumbani kwake Mtendeni, mjini Tabora, hakukosa mtu wa kumpigia saluti na kumwita afande. Vijana wa bodaboda ndio waliozidi. Hata muuza vitambaa Ghalibu, jirani yake wa miaka mingi, ilibidi afundishwe upya kila mara.

"Ni kanisa, Bwana Ghalibu. Kikosi maana yake usharika. Askari ni muumini aliyeapishwa."

"Na wewe sajenti meja?"

"Ni kama mzee wa kanisa. Nawasimamia waumini, namsaidia kapteni."

"Na kapteni?"

"Mchungaji."

"Sasa si mngesema mchungaji tu?"

Koleta akashusha pumzi, akaenda zake.

Jumatatu moja asubuhi simu yake iliita. Alikuwa mwenyekiti wa kijiji kutoka Ipole, anakoishi Raymundi, mdogo wake Koleta.

"Afande, shikamoo. Tunakuomba usilete kikosi. Watu wameshaanza kukimbia."

Ilibidi Koleta akae chini ndipo aelewe. Ng'ombe wa mfugaji mmoja, Sabiri, walikuwa wameingia kwenye shamba la nyuki la Raymundi na kuangusha mizinga. Raymundi, kwa hasira, alisimama katikati ya gulio akapaza sauti kwamba dada yake ni sajenti meja Tabora, na akimpigia simu tu atakuja na kikosi kizima cha askari. Alfajiri Sabiri akaswaga ng'ombe wake kuingia porini, akiwa na mkewe Shamimu na mtoto mchanga ambaye hata arobaini yake haijatimia.

Koleta akampigia mdogo wake.

"Raymundi, umewaambia nini watu?"

"Nimedanganya wapi, dada? Wewe si sajenti meja? Huna kikosi? Kikosi hakina askari?"

Hilo ndilo lililomuuma Koleta zaidi. Hakukuwa na uongo hata mmoja wa kumbana nao.

Akaenda kwa kapteni wake, Recheli, binti ambaye Koleta angeweza kumzaa. Recheli alimwamkia shikamoo, Koleta akaitikia marahaba, kisha akainua kidole kuelekea mbinguni, kama wanavyosalimiana askari wa kanisa lao. Aliposimulia, Recheli alicheka hadi akafuta machozi. Aliposikia habari ya mtoto mchanga, kicheko kikakatika.

"Nenda mama. Na uvae sare."

"Sare ndiyo iliyoleta balaa!"

"Ukienda na kanga, nani atakubali kwamba sajenti meja mwenyewe ndiye huyo? Watabaki porini wakimngoja mwingine."

"Hilo ni ombi au ni amri, Kapteni?"

"Ni ombi, mama. Ukikataa, litakuwa amri."

Aliposhuka kwenye basi Ipole, Raymundi alikuwa kituoni na kundi la watu, kifua mbele.

"Meja wangu huyo!"

"Sajenti meja siyo meja!" Koleta alifoka kabla hata ya salamu. "Meja ni ofisa, amepita chuoni, yuko juu ya kapteni. Mimi niko chini ya kapteni. Chini, Raymundi!"

Watu wakatikisa vichwa kwa heshima, kama waliosikia siri za kambini. Koleta akamshika mdogo wake mkono. "Twende. Uliyoyasema gulioni, utayasahihisha kwa mdomo huo huo."

Walifuata kwato za ng'ombe mpaka jua likawa utosini. Walimkuta Sabiri ameegemeza matawi kwenye mti ulioanguka, mkewe ndani ya kivuli hicho. Sabiri alipoiona sare nyeupe alikamata fimbo, akachungulia nyuma ya Koleta.

"Wenzako wako wapi?"

"Wako kwenye mazoezi ya kwaya," alisema Koleta.

Sabiri hakuelewa. Koleta akamsukuma Raymundi mbele. Raymundi akaanza kuzunguka, mara vikosi, mara vyeo, mpaka dada yake akamkata: "Sema!"

"Ni kanisa," Raymundi akasema, macho chini. "Silaha yao ni matarumbeta na ngoma. Nilikutisha. Nisamehe."

Sabiri hakucheka. "Nimemlaza mtoto huyu kwenye umande kwa ajili ya tarumbeta?"

Koleta alikwishaingia kwenye kivuli. Shamimu alimwamkia kwa woga, akamwonyesha mtoto aliyekuwa akikohoa na mwili ukimchemka. Koleta alimpokea, akamwambia Shamimu amfuate, na wanaume wakabaki nyuma na ugomvi wao. Zahanati walimpokea mtoto, wakamtibu, na kufikia kesho yake jioni alikuwa ananyonya vizuri. Koleta alilala kwenye benchi pembeni yao na sare yake yote, nayo ikachafuka vibaya.

Sabiri alirudisha ng'ombe kijijini, kisha akaenda kusimamisha mizinga bega kwa bega na Raymundi. Hawakuongea sana, ila waling'atwa na nyuki wote wawili sawasawa, na hapo ndipo Sabiri alipocheka kwa mara ya kwanza.

Siku ya kuondoka, Raymundi alimsindikiza dada yake hadi kituoni.

"Dada, na mimi nataka kujiunga."

Koleta alimtazama kwa shaka. "Utaanza ukuruti, ufundishwe, ndipo uapishwe kuwa askari."

"Nisianzie ukapteni?"

"Raymundi! Na askari hanywi pombe, wala hagusi tumbaku."

Raymundi akatazama bani la kukaushia tumbaku lililokuwa likifuka moshi ng'ambo ya barabara.

"Hakuna cheo cha wanaokunywa kidogo?"

Koleta alipanda basi bila kumjibu.